Maji Yapo

Figo langu la kushoto,
nakuandikia kwa chaki ya kuhesabia magunia,
maana kalamu ya nyumba hii imekwenda shule na mtoto.

Unaikumbuka Isyonje, mwezi wa sita,
ukungu mzito hata lori likawa sauti tu?
Lumbesa: gunia lililobeba gunia jingine kichwani,
limeshonwa kwa kamba kama kidonda.
Ambokile alisema, "Pokea!"
Nikapokea kwa ubavu.

Siku tatu mkojo ulitoka kama chai ya rangi.
Ya nne nikajifunga shuka kiunoni, nikarudi mzigoni,
kwa kuwa viazi havisubiri mbavu za mtu.
Nilidhani yameisha.

Mwaka ukapita, na nusu yake.
Kichwa kikaanza kutwanga alfajiri
kabla ya kinu cha jirani.
Zahanati ya Uyole, nesi akakivimbisha kile kitambaa,
akatazama, akakivimbisha upya,
akaniuliza umri. Thelathini na moja.
Akamwita mwenzake aje aone:
mia na tisini, juu ya mia na ishirini.

Mama akasema ni mawazo.
Mjomba Mwaisumo akasema ni mke.
Mchungaji akasema nisamehe. Sikujua nimsamehe nani,
nikamsamehe Ambokile; presha haikushuka.
Niliacha chumvi. Sekela naye akala ndizi zisizo na chumvi,
bila neno,
na hilo ndilo lililoniuma.

Kisha Rufaa, chumba cha giza,
mafuta ya baridi ubavuni,
Daktari Tunsume akikutafuta kwenye kioo
kama mtu amtafutaye kuku aliyetamia kichakani.
"Hili hapa." Akanyamaza.
Ulikuwa ndani ya ganda,
damu ya Isyonje iliyokauka ikawa gome,
imekubana kama mguu wa mtu mzima
katika kiatu cha mtoto.

Aliniuliza nimekulia wapi. Igurusi, nikasema, kwenye mpunga.
"Basi," akasema, "mlinzi wa mfereji kaangukiwa na jiwe,
kabanwa pale pale langoni.
Mbele yake anaona tone tu likipita.
Hajui kwamba mto umejaa.
Anapiga yowe: Ukame! Fungueni huko juu!
Na huko juu, kwa utii, wanafungua.
Majaruba yote yanazama,
yeye bado anapiga yowe."

Kumbe hukuwa adui.
Usiku ule nililala macho, nikikuonea huruma.
Mwaka na nusu ulikuwa ukiniokoa
na kiu ambayo haikuwapo.

Nilipomsimulia Sekela alicheka, kisha akaacha.
"Limefanana na wewe," akasema.
"Debe la unga limejaa, nawe unakwenda kupakia lori la saa nane usiku
kwa kuwa baba yako alikufa akidaiwa."
Sikumjibu. Nilikuwa na kidonge mdomoni.

Viwili asubuhi, kimoja jioni.
Mwezi wa nane wataamua: wakubandue ganda,
au wakutoe kabisa, mwenzako wa kulia
abaki na kazi ya wawili.
Ataiweza, daktari amesema, ila hakuapa.
Mimi sibebi tena. Nahesabu:
mstari, mstari, mstari, mstari, mkato.
Vijana hunipita wameinama,
na kila lumbesa linapoyumba
mkono wangu unakwenda ubavuni wenyewe.

Leo mvua imeshika Uporoto tangu alfajiri.
Makorongo yanaongea yote kwa pamoja,
chaki imelowa, hesabu ya jana imefutika.
Nimeweka kiganja hapo ulipo, juu ya sweta.

Sikiliza.
Maji yapo.
Maji yapo, ndugu yangu.
Yapo.